Lupu kwa anayeanza programu: ifuate kwa kalamu kabla ya kuiendesha

Wengi wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, huenda vizuri mpaka wafike kwenye lupu, yaani sehemu ya programu inayojirudia. `print` wameizoea, `if` wameielewa, halafu mistari minne tu ya msimbo, yaani maandishi ya programu, inawakwamisha wiki nzima. Ukikaa nao utagundua kwamba maneno `for` na `while`, yanayoanzisha lupu, hawajashindwa kuyashika. Kinachowasumbua ni usomaji. Msimbo wa masomo ya mwanzo husomwa kama barua: unaanza juu, unashuka, kila mstari mara moja. Kwenye lupu mstari uleule unarudiwa mara kadhaa, na kila ukirudiwa thamani zilizomo si zile za mwanzo tena. Anayeendelea kuusoma kama barua hayaoni mabadiliko hayo, kwa hiyo anabaki kukisia.

Dawa ninayoiamini ni moja: daftari na kalamu. Chora jedwali dogo, fuata thamani mzunguko kwa mzunguko, andika unachotarajia kuona kwenye skrini, ndipo uendeshe programu. Inachosha siku mbili tatu za mwanzo. Baada ya hapo unaanza kuliona jedwali kichwani bila kulichora.

Unahitaji Python tu. Kwenye kompyuta napendekeza Thonny, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mahususi kwa wanaoanza. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Pydroid 3 na asipungukiwe na kitu katika mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Andika lupu inayohesabu

Tuseme unataka kuchapisha jedwali la 7, kuanzia 7 mara 1 hadi 7 mara 12. Bila lupu utaandika mistari kumi na miwili inayotofautiana namba moja tu. Kwa lupu ni miwili:

```
for n in range(1, 13):
    print(7, "x", n, "=", 7 * n)
```

Mstari wa kwanza unaiambia Python: chukua namba moja baada ya nyingine kutoka 1, kila mara uiweke kwenye jina `n`, kisha ufanye kazi iliyo chini. `n` ni kigeu, yaani jina linaloshika thamani inayoweza kubadilika. Nukta mbili mwishoni mwa mstari ni lazima. Mstari wa pili umesogezwa ndani kwa nafasi nne, na nafasi hizo zina maana: ndizo zinazoonyesha kwamba mstari huo uko ndani ya lupu. Ukizifuta, Python itakataa kuendesha programu na kukuandikia `IndentationError`.

Sasa itazame ile 13. Tulitaka kuishia 12, kwa nini tumeandika 13? Kwa sababu `range` inaanza na namba ya kwanza na kusimama kabla ya kuifikia ya pili. Hapa ndipo makosa mengi ya wanaoanza yanapozaliwa, na hata wazoefu huteleza. Mpangilio huu una mantiki yake. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliutetea katika waraka mfupi aliouandika mwaka 1982. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba ukiihesabu ya kwanza na kuiacha ya mwisho, idadi ya namba zilizomo ni tofauti ya hizo mbili. `range(1, 13)` ina mizunguko 13 − 1, yaani 12. `range(0, 5)` ina 5. Kila unapoandika `range`, toa namba ya kwanza kwenye ya pili ujiulize kama hiyo ndiyo idadi ya mizunguko uliyoikusudia. Zoea hesabu hiyo mapema, itakuokoa mara nyingi sana.

Jambo dogo kuhusu majina. Vigeu vyako vipe majina ya Kiswahili: `jumla`, `mchango`, `wiki`. Python haijali, na wewe unapata faida kubwa. Kwa kutazama tu utajua kwamba neno la Kiingereza ni la Python na limewekwa na waliotengeneza lugha, na la Kiswahili ni lako na unaweza kulibadilisha upendavyo. Mwanafunzi anayetumia majina ya Kiingereza kila mahali hukaa muda mrefu akidhani `number` au `total` ni amri maalumu.

## Hatua ya 2: Pitia orodha

`for` haihitaji `range` kila mara. Inaweza kupitia kitu chochote chenye mfuatano, kama orodha:

```
michango = [5000, 5000, 3000, 10000, 5000]
for mchango in michango:
    print("Umepokea", mchango)
```

Hiyo ni michango ya wanakikundi watano kwa wiki moja. Angalia wingi na umoja vinavyosaidia hapa: `michango` ni orodha nzima, `mchango` ni mmoja unaoshikwa katika mzunguko huo. Ukiandika hivyo msimbo unajisomea wenyewe. Akiongezeka mwanakikundi wa sita, unaongeza thamani moja kwenye orodha na lupu haiguswi.

## Hatua ya 3: Jumlisha, na hapa utoe kalamu

Tunataka kujua kikundi kimekusanya shilingi ngapi. Usikimbilie hatua inayofuata kabla hii haijakukaa, maana karibu kila programu utakayoandika baadaye itakuwa na kitu cha aina hii ndani yake: kigeu kinachokua kila mzunguko.

```
michango = [5000, 5000, 3000, 10000, 5000]
jumla = 0
for mchango in michango:
    jumla = jumla + mchango
print(jumla)
```

Mstari wa nne huwatisha waliosoma hesabu vizuri. `jumla = jumla + mchango` haiwezi kuwa kweli kihesabu, isipokuwa mchango uwe sifuri. Lakini alama ya `=` kwenye Python ni amri. Inasema: kokotoa kwanza kilicho kulia, ukimaliza ukiweke kwenye jina lililo kushoto. Kwa hiyo soma kulia kwanza, kwa thamani ya zamani, kisha andika thamani mpya.

Chora jedwali:

| Mzunguko | mchango | jumla kabla | jumla baada |
|---|---|---|---|
| 1 | 5000 | 0 | 5000 |
| 2 | 5000 | 5000 | 10000 |
| 3 | 3000 | 10000 | 13000 |
| 4 | 10000 | 13000 | 23000 |
| 5 | 5000 | 23000 | 28000 |

Orodha imeisha, lupu inasimama, `print` iliyo nje ya lupu inaandika 28000. Safu ya "kabla" na "baada" usiiruke. Ndiyo inayoonyesha kwamba mwisho wa mzunguko mmoja ni mwanzo wa unaofuata.

Sasa haribu programu makusudi. Hamisha `jumla = 0` uiweke ndani ya lupu, juu ya mstari wa kujumlisha:

```
for mchango in michango:
    jumla = 0
    jumla = jumla + mchango
print(jumla)
```

Kabla ya kuiendesha, chora jedwali lake. Kila mzunguko jumla inarudishwa sifuri, kisha inaongezwa mchango wa mzunguko huo tu. Mwishoni inabaki na mchango wa mwisho: 5000. Python haitalalamika. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo, ni jibu lisilo sahihi lililoandikwa kwa utulivu kabisa. Makosa ya namna hii ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu mtu anaweza kwenda na hiyo 5000 kwenye kikao cha kikundi. Jedwali linayaona, macho yanayosoma harakaharaka hayayaoni.

Haribu tena kwa njia ya pili: rudisha `jumla = 0` mahali pake, kisha sogeza `print(jumla)` ndani kwa nafasi nne. Utapata mistari mitano: 5000, 10000, 13000, 23000, 28000. Hiyo si kosa kila mara. Wakati mwingine unataka kuona jumla inavyokua. Muhimu ni uchague mwenyewe, kwa kujua kilicho ndani ya lupu na kilicho nje.

Mwenye Thonny anaweza kulinganisha jedwali lake na la kompyuta. Fungua dirisha la Variables kwenye menyu ya View, kisha badala ya F5 ya kawaida bonyeza Ctrl+F5. Programu itasimama mwanzoni ikusubiri. F6 inakupeleka kwa hatua kubwa, F7 kwa hatua ndogo, na kila hatua unaona thamani za vigeu zikibadilika. Lakini chora kwanza, ndipo ubonyeze. Ukianza na kubonyeza utakuwa mtazamaji tu.

## Hatua ya 4: while, pale usipojua idadi ya mizunguko

`for` inafaa ukiwa na orodha au idadi inayojulikana. Kuna maswali ambayo idadi ndiyo unayoitafuta. Unaweka akiba ya shilingi 40,000 kila wiki ili ununue simu ya 300,000. Utafika baada ya wiki ngapi?

```
lengo = 300000
akiba = 0
wiki = 0
while akiba < lengo:
    akiba = akiba + 40000
    wiki = wiki + 1
print(wiki, akiba)
```

`while` hukagua sharti lake kabla ya kila mzunguko. Sharti likiwa kweli, kazi iliyo ndani inafanyika yote, kisha Python inarudi juu kukagua tena. Haikagui katikati. Wiki ya 7 akiba ni 280,000, bado ni ndogo kuliko lengo, kwa hiyo mzunguko mmoja zaidi unafanyika na akiba inafika 320,000. Sharti linakaguliwa, si kweli tena, lupu inaisha. Jibu ni `8 320000`.

Kila `while` ina sehemu tatu, na ukiiandika zitafute zote tatu kwa kidole: thamani ya mwanzo (`akiba = 0`), sharti (`akiba < lengo`), na mabadiliko (`akiba = akiba + 40000`). Ikikosekana ya tatu, sharti halitabadilika kamwe na lupu haitaisha. Ikikupata, bonyeza Ctrl+C au kitufe cha kusimamisha. Kompyuta haijaharibika.

Wengi wanajua kwamba kusahau mabadiliko huleta lupu isiyoisha. Wachache wanajua kwamba inaweza kutokea hata mabadiliko yakiwepo. Badilisha sharti liwe hivi:

```
while akiba != lengo:
```

Alama `!=` inasema "si sawa na". Inaonekana ina akili: endelea kuweka akiba mpaka ifike lengo. Fuata kwa kalamu. Wiki ya 7: 280,000, si sawa na 300,000, endelea. Wiki ya 8: 320,000, nayo si sawa na 300,000, endelea. Wiki ya 9: 360,000. Akiba imeliruka lengo bila kulikanyaga, na itaendelea kukua bila mwisho. Ndiyo maana kwenye lupu za namna hii unatumia `<` au `<=`, ambazo zinakamata thamani hata ikipita.

## Hatua ya 5: Kutoka kabla ya wakati

Neno `break` linakutoa kwenye lupu papo hapo. Mfano wake unaujua kutoka kwenye simu yako: namba ya siri yenye majaribio matatu.

```
majaribio = 0
while majaribio < 3:
    namba = input("Weka namba ya siri: ")
    if namba == "4821":
        print("Karibu")
        break
    print("Si sahihi")
    majaribio = majaribio + 1
```

Zile alama za nukuu kwenye `"4821"` zina sababu. `input` hurudisha maandishi, hata kama mtu ameandika tarakimu. Ukilinganisha na 4821 isiyo na nukuu, hata mwenye namba sahihi atafungiwa nje.

Kuna pia `continue`, inayoruka sehemu iliyobaki ya mzunguko huo na kwenda kwenye unaofuata. Itumie kwa uangalifu ndani ya `while`: ikiruka na ule mstari wa mabadiliko, umeshajitengenezea lupu isiyoisha.

Lupu ndani ya lupu nitaigusa tu. Lupu ya nje ikizunguka mara moja, ya ndani inazunguka mzunguko wake wote. Ya nje 12 na ya ndani 12 ni mara 144, ndiyo jedwali zima la kuzidisha. Subiri mpaka lupu moja ikukae vizuri ndipo uiendee.

## Hatua ya 6: Soma lupu iliyozima vifaa

Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kusikilizia muziki vya Microsoft aina ya Zune 30 viliganda kwa pamoja. Mtu akiwasha, kifaa kinakwama hapohapo. Chanzo kilikuwa lupu ya `while` kwenye sehemu ya saa, iliyogeuza idadi ya siku tangu 1980 kuwa mwaka. Hii ndiyo mantiki yake, nimeiandika kwa Python:

```
from calendar import isleap

siku = 10593
mwaka = 1980
while siku > 365:
    if isleap(mwaka):
        if siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    else:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1
print(mwaka, siku)
```

`isleap` inajibu kama mwaka ni mrefu, wenye siku 366. Wazo ni zuri: toa siku za mwaka mmoja, sogeza mwaka mbele, rudia mpaka zilizobaki zitoshe ndani ya mwaka mmoja. Ukihesabu tangu 1 Januari 1980, tarehe 31 Desemba 2008 ni siku ya 10,593.

Huna haja ya kuchora mizunguko yote. Rukia pale penye tatizo: miaka 1980 hadi 2007 ina siku 10,227, kwa hiyo ukizitoa unabaki na `siku` 366 na `mwaka` 2008. Sasa fuata mzunguko huo mmoja polepole.

366 ni kubwa kuliko 365? Ndiyo, ingia ndani. 2008 ni mwaka mrefu? Ndiyo. 366 ni kubwa kuliko 366? Hapana. Basi hakuna kinachotolewa, hakuna kinachoongezwa. Rudi juu. 366 ni kubwa kuliko 365? Ndiyo. Na hivyohivyo, bila mwisho.

Sehemu ya tatu ya `while`, ile ya mabadiliko, ipo. Imeandikwa hata mara mbili. Ila kuna njia moja ya kupita ndani ya lupu isiyoigusa, na njia hiyo hupitwa siku moja tu katika miaka minne. Ushauri waliopewa wenye vifaa ulikuwa kuacha betri iishe, kisha wawashe baada ya saa 6 mchana, kwa saa za GMT, tarehe 1 Januari 2009. Ushauri huo ulifanya kazi, na jedwali lako linaeleza sababu: kesho yake `siku` ni 367, kubwa kuliko 366, inatolewa, inabaki 1, mwaka unakuwa 2009, lupu inaisha.

Dawa ni mistari miwili. Chini ya ule `if` wa ndani, kwenye usawa wake, ongeza:

```
        else:
            break
```

Jifunze kutokana na kisa hiki namna ya kuchagua thamani za kujaribia. Usijaribu lupu kwa thamani za katikati peke yake, maana huko mambo huwa shwari. Jaribu zilizo mpakani: orodha tupu, orodha yenye kitu kimoja, namba iliyo sawasawa na kikomo, iliyozidi kwa moja, iliyopungua kwa moja. Hapa ni 365, 366 na 367. Dakika tano za kalamu kwenye 366 zingetosha.

## Hatua ya 7: Mazoezi mawili

La kwanza. Tabiri kitakachochapishwa, kwa jedwali, kabla ya kuendesha:

```
namba = [3, 0, 0, 5]
for x in namba:
    if x == 0:
        namba.remove(x)
print(namba)
```

Nia ilikuwa kuondoa sifuri zote. Itabaki `[3, 0, 5]`. Kwenye jedwali lako weka safu ya nafasi: 0, 1, 2, 3. Python inakumbuka imefika nafasi ya ngapi, na sifuri ya kwanza ikiondolewa, ya pili inasogea nyuma na kukaa nafasi ambayo imeshapitwa. Usiondoe vitu kwenye orodha unayoipitia. Tengeneza orodha mpya ya unavyotaka kubaki navyo.

La pili uliandike mwenyewe. Saa ya kompyuta inasema 7 asubuhi, sisi tunasema saa 1. Andika lupu ya `for` inayopitia namba 1 hadi 12 za saa ya kompyuta na kuchapisha kila moja pamoja na saa yetu. Kanuni ya kuanzia ni `(saa + 6) % 12`, ambapo `%` hutoa baki baada ya kugawanya. Kwa 7 ni 13, baki 1, sawa. Kwa 3 ni 9, sawa. Kwa 12 ni 18, baki 6, sawa. Kuna thamani moja kati ya hizo kumi na mbili inayoharibu jibu, na utahitaji `if` kuirekebisha. Itafute kwenye daftari kwanza.